Hela ya alizeti usiitumie kwenye plagini kwanza

Mbukwa kaka,

Habari za Mpwapwa, natumai shemeji na watoto wazima na mama mguu umepata nafuu. Huku Dodoma tupo, baridi ya mwezi wa saba imekamata na upepo wa jioni unapiga mabati mpaka kurekodi ni mpaka usiku ukitulia, ila afya ipo tunamshukuru Mungu. Nimeusikiliza ule wimbo uliotuma, ule mjomba anapiga ilimba, ile ya vyuma ya Wagogo ya kupigwa na vidole gumba, na kinamama wanaitikia, nimeurudia sana, na nimeisoma ile meseji yako ndefu kwamba hela ya alizeti imeingia na unataka uinunulie seti nzima ya plagini za mastaringi, yaani programu ndogo za kumalizia wimbo uliokwisha kuchanganywa, ili uache kupeleka kazi zako kwa watu. Nimeona nikuandikie kabisa maana tukipigiana simu tutaanza stori nyingine na hili litapita juu juu.

Kaka usinunue bado. Kumasta mwenyewe nyumbani inawezekana na nakuunga mkono asilimia mia, tena wewe una kitu ambacho mtu wa kupelekewa hana, miksi (treki zote zikichanganywa) ni yako, ukikuta kosa unarudi kulirekebisha kwenye treki yenyewe. Ila hiyo hela ipeleke kwanza kwenye kusikia, yaani hedifoni na chumba, plagini za bure zilizopo zinatosha kabisa kwa kazi ya namna yako. Hiyo Ozone uliyoitaja, ile seti ya mastaringi ya kununua, ni nzuri, siisemi vibaya, ila kama husikii vizuri itakusaidia kuharibu haraka zaidi.

Nakikumbuka chumba chako vizuri. Mita tatu kwa tatu, tofali za bloku, tailizi chini, jipsamu juu, na meza umeiweka katikati uangalie mlango. Sasa fanya hesabu ndogo, sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba yaani 6, unapata kama hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde. Hapo ndipo bezi ya kwenye biti inapokaa na kiki nyingi pia, na kwa sababu urefu na upana wa chumba ni sawa basi noti ileile inajaa kwa pande zote mbili. Halafu mbaya zaidi ukikaa katikati kabisa ya chumba noti hiyo ndo inapotea masikioni kwako wakati ukutani inaunguruma. Kwa hiyo unaona bezi haipo, unaongeza, unaongeza tena, ukipanda bajaji ya mtu mwenye spika kubwa wimbo wote unakuwa bezi tupu na sauti ya mjomba huisikii. Tofauti ya chumba kama hicho inafika dekibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kumi na zaidi, na mastaringi ni kazi ya nusu dekibeli, dekibeli moja. Plagini gani itakuokoa hapo?

Hamisha meza, isogeze karibu na ukuta ukae mbele kidogo ya katikati, na spika na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa. Zile trei za mayai toa kaka, najua kila studio ya mtaani zipo lakini ni karatasi nyembamba, zinameza sauti za juu kidogo na bezi zinaiacha vilevile, chumba kinakuwa kizito na hujapata chochote. Kinachomeza bezi ni unene. Tafuta rockwool, ile sufu ya mawe ya kuzuia joto na sauti, kama utaipata Dodoma mjini kwa wauzaji wa vifaa vya ujenzi, jaza fremu za mbao unene wa sentimita kumi au kumi na tano, uifunike na kitambaa, uweke kwenye kona nne. Kama hela haitoshi basi hamia chumba cha kulala, kitanda chenye godoro nene, kabati limejaa nguo, pazia zito, yaani hapo tu umeshaizidi sebule tupu, na shemeji nitamwomba mwenyewe akuruhusu.

Hata hivyo chumba hutakimaliza, ndo maana nasema hedifoni. Usichukue zile za kuongeza bezi za kutembea nazo. Sony MDR-7506, Audio-Technica ATH-M50x au Beyerdynamic DT 770 Pro, mojawapo ya hizo, na uwe makini maana feki zipo nyingi, nunua kwa mtu anayekupa risiti na unayeweza kumrudia. Kila hedifoni ina tabia yake, hiyo ya Sony kwa mfano juu iko kali kidogo, kwa hiyo kuna mradi wa bure unaitwa AutoEq una vipimo vya hedifoni nyingi sana, unachukua namba za ya kwako unaziweka kwenye Equalizer APO, ikwalaiza (ya kupandisha na kushusha masafa) ya bure ya Windows, na sauti inanyooka. Angalia kitu kimoja tu, ukiwa unatumia ASIO, ile njia ya kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kadi, kwenye programu za kurekodi kama FL Studio au Reaper, ile Equalizer APO inarukwa, haifanyi kazi, kwa hiyo namba zilezile ziweke kwenye plagini ya ikwalaiza mwisho wa masta wakati wa kusikiliza na UIZIME kabla ya kutoa faili. Usisahau hiyo maana ukiitoa nayo umemasta kwa ajili ya hedifoni yako peke yako.

Sasa kuna jambo ndo naliona kubwa kuliko yote kwenye barua hii. Masikio yetu yanapenda kilicho na sauti kubwa zaidi. Ukiongeza sauti dekibeli moja tu unaona wimbo umenoga, bezi imeingia, juu kumefunguka, na wala hujafanya chochote. Fletcher na Munson walilipima hili la sauti ndogo na bezi mwaka 1933, kwamba ukisikiliza kwa sauti ya chini sikio linasikia bezi kidogo kuliko ilivyo. Na karibu kila plagini ya mastaringi ukiiwasha inapandisha sauti! Ndo maana kila unayojaribu unaiona nzuri, kompresa (ya kubana sauti zinazozidi) nzuri, seturesheni (ya kuongeza ukwaruzo mtamu) nzuri, ile ya kupanua stirio nzuri, unazipanga nane kwenye masta na mwisho wimbo umechoka. Kwa hiyo sheria niliyojiwekea na ninaifuata kila siku, kila plagini ninayoweka naishusha toleo lake (sauti inayotoka) mpaka ikiwashwa na ikizimwa sauti iko sawa, halafu nafumba macho nabonyeza washa zima washa zima mpaka sijui iko wapi, ndo naamua. Nyingi zinatoka hapohapo.

Na wimbo wa kulinganisha vilevile. Chagua wimbo mmoja au miwili ya aina hiyohiyo unayoijua vizuri, faili zuri lisiwe la kudownload YouTube, uweke kwenye treki pembeni. Wimbo uliokwisha kumastiwa unaweza kuwa kwenye -8 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima, ikikaribia sifuri ndo kubwa) na miksi yako iko -18, hapo tofauti ni dekibeli kumi, ukilinganisha hivyo utakata tamaa uone kazi yako takataka. Shusha ule wa mwenzio dekibeli kumi, halafu sikiliza bezi yake na yako, sauti yake ya mwimbaji imekaa wapi, juu kukoje. Utashangaa pengo ni dogo.

Vifaa vyangu vya masta ni hivi na vyote ni vya bure. Voxengo SPAN ya kuona masafa, TDR Nova ya ikwalaiza, TDR Kotelnikov ya kompresa, LoudMax ya limita, ya kuzuia vilele visipite, na Youlean Loudness Meter ya kupima sauti. Basi. Programu kama unabaki FL Studio baki, ila kwenye templeti nyingi za FL kuna Fruity Limiter imekaa kwenye masta yenyewe tu, itoe kabla hujatoa miksi, maana unaweza kudhani miksi yako imetulia kumbe limita ndo inaishika koo. Mimi mastaringi nafanyia Reaper, unapewa siku 60 za kujaribu na leseni ya mtu binafsi ni dola 60, naipenda kwa sababu naweka nyimbo zote za albamu kwenye mstari mmoja nasikia zinavyofuatana. Na tafadhali sana achana na za kukraki. Laptopu ndo studio yako, ikiingia kirusi kikafunga mafaili yako zile rekodi za mjomba huzipati tena, na mjomba si kijana.

Tuje kwenye wimbo wako sasa. Ulinitumia mp3, nimesikiliza hivyohivyo lakini ya kumasta toa WAV ya biti 24, sampo reti (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde) ileile uliyorekodia, masta isiwe na kitu, na kilele kisiguse sifuri ambapo sauti inaanza kukatika, ukiacha dekibeli tatu mpaka sita inatosha. Ukitaka kunitumia weka Google Drive au itume WhatsApp kama dokumenti. Halafu baada ya kutoa miksi usimaste siku hiyohiyo, masikio yamechoka na umeshazoea makosa yake. Kesho yake sikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kugusa kitu, na daftari mkononi, andika tu unachosikia.

Mimi niliyoandika ni haya. Kwanza ulirekodi nje, nadhani chini ya ule mbuyu wa kwa mjomba, na upepo umeingia kwenye maiki. Kwenye hedifoni karibu huusikii ila SPAN inaonyesha kule chini ya hezi 35 kuna mlima unapanda na kushuka. Huo mngurumo unakula nafasi, limita itakuwa inabana kwa sababu ya kitu ambacho hakuna anayekisikia. Kwenye Nova washa ile fita ya kukata chini, iweke hezi 30 au 35, usipande zaidi kwa sababu ile ngoma ya muheme kinamama wanayopiga ina tumbo zuri huko chini na ukifika 60 umeshaikata. Bora zaidi rudi kwenye miksi ukate kwenye maiki ya ilimba peke yake, huko unaweza kukata hata hezi 80 bila hasara maana ilimba yenyewe haina kitu huko.

Pili kinamama wakiitikia wote kwa pamoja kuna ukali kama kilohezi 3, unachoma, lakini mjomba akiwa peke yake haupo. Ukikata kwa ikwalaiza ya kawaida utamfukia mjomba. Nova ina bendi nne na kila moja unaweza kuiambia ikate pale tu sauti inapozidi, iweke hapo kwenye 3, ivute dekibeli mbili wakiitikia wote na wakinyamaza irudi. Zaidi ya mbili au tatu usifanye kwenye masta, ukiona unahitaji nne au tano hilo ni la miksi.

Tatu, na hapa nakuomba kaka. Ile ilimba ina ule mlio wa kuzizima, zzzz unaofuata kila noti, ule unatoka kwenye utando wa buibui ule mjomba anaoubandika kwenye matundu ya ubao. Programu za kuondoa kelele zinauona kama uchafu. Hata zile huduma za mtandaoni za kumasta zenyewe, LANDR wapo tangu 2014 na BandLab wana ya bure, ni nzuri kwa demo ya haraka na wewe zijaribu tu ujifunze, lakini hazijui kwamba ule mzizimo ndo ilimba yenyewe. Wagogo waliuweka makusudi. Ukisikia juu kumekuwa kukali usikimbilie kushusha kila kitu kuanzia kilohezi 5 kwenda juu, sikiliza kwanza kama ni herufi s za waimbaji, hizo ziko kama kilohezi 6 mpaka 9 na zinashughulikiwa kwenye treki zao. Ilimba iache izizime. Nimeisikiliza ile sehemu kabla ya ubeti wa pili ambapo anapiga peke yake, noti inakufa na mzizimo unabaki kidogo nyuma yake, unasikia na kucha yake inagusa chuma, hiyo kaka usiiguse kabisa.

Kompresa kidogo sana. Reshio (kiasi cha kubana) moja na nusu kwa moja au mbili kwa moja, ataki (muda inaochukua kuanza kubana) kama milisekunde 30 ili kiki na ngoma zipite kwanza, na sindano isivute zaidi ya dekibeli moja au mbili. Kotelnikov ina sehemu ya kuifanya isiburutwe na bezi, itumie, na ina delta inayokusikilizisha kile kinachoondolewa tu, ukisikia kwenye delta ngoma nzima ina nguvu ujue umezidisha. Kama wimbo hauitaji kompresa toa, si lazima.

Halafu bonyeza mono. Simu nyingi na zile spika za bluutuuthi zinatoa sauti kama kitu kimoja, na kwenye wimbo wako kuna ilimba ya pili umeipanua kulia na kushoto kwa plagini fulani, kwenye mono inapotea kabisa, nimejaribu. Rudi kwenye miksi uirekodi kweli mara mbili au uipange tu pembeni bila hiyo plagini. Na kila kitu chini ya hezi 120 kikae katikati.

Limita ndo ya mwisho. LoudMax ina vitu viwili tu vya kusogeza, toleo liweke -1 na uwashe ile ya kukamata vilele vinavyojificha kati ya sampo, kwa sababu faili likigeuzwa kuwa mp3 au AAC vilele vinapanda na hapo ndo mikwaruzo inaanzia. Halafu shusha threshodi (kiwango inapoanzia kubana) taratibu mpaka ibane dekibeli mbili au tatu kwenye kiitikio, sikiliza muheme, ikianza kuwa bapa rudi nyuma.

Uliniuliza ifike LUFS ngapi. Spotify wanaweka nyimbo kwenye -14, Apple Music -16 kwenye ile Sound Check yao, YouTube wanashusha zilizozidi kama -14 ila zilizo chini hawazipandishi. Maana yake ukibana mpaka -8 Spotify watakushusha dekibeli sita, umeua ngoma zako bure. Spotify wenyewe wanashauri kama umezidi -14 basi kilele kiwe -2, badala ya ile -1 niliyosema kwenye limita. Lakini sikubaliani na wanaosema kila kitu kiwe -14, maana wewe na mimi tunajua nyimbo huku zinavyotembea, mp3 inarushwa WhatsApp, inaingia kwenye fleshi, inapigwa kwenye sabufa ya baa pale Majengo baada ya singeli ya mtu, na hapo hakuna anayeshusha wala kupandisha. Kwa hiyo wimbo wa kuchezeka ningeupeleka -10 hata -9 kama miksi inabeba, huu wa mjomba ningeuacha kati ya -13 na -12, una pumzi na ukimya ndani yake na ukiubana sana ule ukimya unajaa kelele za upepo.

Ukimaliza toa WAV ya biti 24 uiweke salama, ya biti 16 itoe kama msambazaji anaitaka na hapo ndo uwashe ditha (kelele ndogo sana ya kuficha mikwaruzo ya kupunguza biti), mara moja tu mwisho kabisa baada ya limita. Halafu toka nayo. Isikilize kwenye simu ya kawaida bila earphoni, kwenye sabufa ya jirani, kwenye bajaji, mwombe dereva akuwekee fleshi huku mnatembea kwenye vumbi na injini inanguruma, ukimsikia mjomba anachosema hapo basi. Andika, rudi, sogeza nusu dekibeli, usibadilishe mambo matano kwa mkupuo.

Nikija mwezi ujao nitakuletea DT 770 zangu ukae nazo wiki ujaribu kabla hujatoa hela, na tape ya kupimia chumba tuzipange hizo kona pamoja. Rockwool nitakuulizia bei huku kesho nikipita Sabasaba. Mpe mama shikamoo yangu, msalimie shemeji, na mwambie mjomba asibadilishe ule utando mpaka turekodi ule wimbo wa pili.

Ni mimi ndugu yako,
Dodoma